Vaileth Akataa Kuzima Maonyo

Saa mbili asubuhi Vaileth Emanueli ameshakunja uso. Katika chumba alichopanga Mikumi, kompyuta yake imejaa maonyo sitini na tatu, na anayasoma moja baada ya jingine. Kazini kwao yalikuwa yamezimwa yote.

Vaileth, mwenye miaka 27, anaandika kwa lugha ya C programu ya kifaa cha kupima kina cha mto. Maji yakifika mita tatu, kengele inapaswa kulia kijijini Masanze, ambako mama yake, Costancia, analima mpunga bondeni. Kifaa kinafungwa mtoni mwezi ujao.

Kila kipande cha programu kina jaribio lake, programu ndogo ya kukikagua. Kompaila, inayogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine, huonya ikiona jambo la kutia shaka. Msimamizi wake, Alfred, aliagiza maonyo ya kwenye majaribio yazimwe.

"Aliniambia majaribio hayaendi mtoni, ya nini kujisumbua," anasema Vaileth. "Skrini ikiwa safi, wao wanakwenda kunywa chai."

Wiki iliyopita aliyawasha, na onyo la kwanza tu likamchemsha damu. Nafasi ya kuhifadhia kina cha maji haibebi namba inayozidi 255. Ikizidi hapo, hesabu inaanza tena sifuri; ukiingiza sentimita 300, inasoma 44. Mwandishi wa jaribio naye alihifadhi jibu sahihi kwenye nafasi kama hiyo, likawa 44 vilevile. Namba zikalingana, jaribio likapita.

Maji yamempita mtu kichwa, kifaa kinasema yako magotini. Huo ni uzembe, na kompaila ilikuwa imeshasema.

Alfred alirekebisha kosa hilo moja, akataka mengine yazimwe tena na Vaileth asaini fomu ya kuthibitisha kwamba kifaa kimepita.

"Nikamwambia, bosi, hiyo sisaini. Akasema najifanya mjuaji. Haya, niwe mjuaji."

Jioni simu inaita. Ni mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kengele yenu vipi? Mpunga ukianza kuzaa nahamia dunguni kulinda shamba, nguruwe hawasubiri."

"Bado, mama. Usihamie kwanza."

Anakata simu akiwa na hasira isiyofichika. Amebakiwa na maonyo kumi na tisa, na amepanga kuyamaliza kabla ya Ijumaa, Alfred atake asitake.

"Fomu nitaisaini siku nitakayoweza kumwambia mama alale bondeni," anasema. "Kabla ya hapo, wanifukuze."