Shina la Chini ya Dirisha

Uwanja wetu wa mbele hapa Kibiti ni mdogo, hauzidi chumba na nusu. Mama aliupanda mayungiyungi, yale meupe yenye majani marefu ya kung'aa na ua lililoachana kama vidole vya mtu anayeomba. Chini kila moja lina tunguu, mfano wa kitunguu maji kilichokua kupita kiasi, na tunguu hilo huzaa. Ukipanda moja, baada ya miaka michache unakuta saba yamebanana, yanasukumana yatoke juu ya udongo. Masika yakiingia huchanua yote kwa pamoja, na jua likishuka harufu yake hufika mpaka vyumbani, ukadhani kuna mtu amepita.

Wenye haja hawakosekani. Kuna anayeoza binti, kuna anayesomesha maulidi, kuna aliyefiwa anayetaka kitu cha kupanda kichwani kwa kaburi, maana yungiyungi halifi kwa kiangazi, na hata kibao cha jina kikiliwa na mchwa lenyewe hubaki kuonyesha pahala. Mtu hupiga hodi, huamkia shikamoo ndefu, huuliza habari za mbuzi ambao hatujawahi kufuga, ndipo aseme, "Bi mkubwa, nimekuja kuomba ua." Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini mama hakuutazama mkono wa mtu. Alitoa tu. Aliyenuna ni mimi, kwa sababu nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na naijua vizuri tabia ya watu wanaoomba wakicheka.

Mama alikuwa na masharti yake. Ua livunjwe kwa mkono, lisikatwe kwa kisu. Alhamisi baada ya alasiri pasivunjwe kitu. Na shina moja, lile lililokuwa chini ya dirisha la chumba chake, lisiguswe kabisa. Aliyelisogelea aliambiwa, "Hilo lina mwenyewe," na mama hakuongeza neno.

Kila Alhamisi alasiri alitoka na kigoda chake na kopo la maji, akaketi mbele ya shina hilo. Alilimwagilia polepole, akasema, "Assalamu alaikum," kisha akanyamaza kwa muda ule ambao mtu humpa mwenziwe aitikie. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikisimama upande wa ndani wa dirisha, nimejibana ukutani, nikisubiri pamoja naye. Sikujua nasubiri nini. Hata baada ya yeye kuondoka sikuthubutu kuchungulia nje. Nilipokua nilijiambia kwamba mama ana jini lake, kama walivyokuwa nalo wanawake wengi wa rika lake, na nikaliacha jambo hilo hapo.

Kulikuwa na jingine. Mama ni mtu wa Salale, huko kwenye mikoko, na mimi na mdogo wangu wa kiume tulizaliwa Kibiti baada ya wazee kuhama. Ndugu wa Salale walipotutembelea walimwita mama kwa jina la mwanawe, kama ilivyo desturi kumwita mwanamke kwa kifungua mimba wake. Kifungua mimba ni mimi. Jina walilomwitia halikuwa langu, wala halikuwa la mdogo wangu. Mama aliliitikia upesi kuliko alivyoitikia langu. Nilipomuuliza alisema ni utani wa zamani, nami nikaridhika. Asiyejua maana haambiwi maana.

Mwaka juzi macho ya mama yalizidiwa na mtoto wa jicho. Mdogo wangu, anayekaa Dar es Salaam, akamchukua akatibiwe, na akakaa huko wiki kadhaa. Nyumba ikabaki na mimi. Mayungiyungi yalikuwa yamebanana vibaya, msimu uliopita yalitoa majani matupu na maua ya kuhesabika. Kila mtu anayefuga maua anajua dawa yake: ung'oe, uyatenganishe, uache moja kwa kila shimo, mengine ugawe. Mama alikuwa ameshindwa kazi hiyo kwa uzee. Nikasema nitamfanyia, akirudi na macho mapya akute uwanja mpya.

Nilichimba siku mbili. Udongo wetu ni mchanga mwekundu, hauna ubishi, nikatoa matunguu, nikayaosha kwenye beseni, nikayapanga barazani. Nilijisikia vizuri sana. Nilipofika kwenye shina la chini ya dirisha nilisita, nakiri. Kisha nikajicheka. Mwanamke mzima, mwalimu mstaafu, namwogopa jini wa mama yangu! Nikapiga jembe.

Udongo wa pale ulikuwa mweusi. Ulikuwa tope la mtoni, zito, linanata, limejaa kwenye shimo la ukubwa wa pakacha, na pembeni yake mchanga mwekundu kama kawaida. Nilidhani mama aliuleta udongo wa mashamba ya mpunga uwe mbolea. Tunguu lenyewe lilikuwa kubwa kuliko yote, limezungukwa na watoto wake, na tope limewashika pamoja, halikubali kuachia. Nilikuwa sijaanza kuliosha nilipopigiwa hodi.

Alikuwa mwanamke kijana, ametoka kijiji cha Mkongo kwa bodaboda, na dereva anamngoja getini huku akipiga honi. Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza. Hakulia, aliomba tu ua la kumpandia, akasema ameambiwa maua yetu hayafi. Nikamhurumia. Kwa haraka nikachukua lile kubwa pamoja na tope lake, nikalitia kwenye mfuko wa salfeti, nikampa. Baada yake walikuja wengine na mengine yakaondoka. Kwenye shimo la chini ya dirisha nilijaza mchanga na kupanda tunguu jingine lililooshwa.

Mama alirudi siku ya Jumatano. Jicho moja lilikuwa bado limefungwa na la pili halikuona zaidi ya mwanga. Kesho yake alasiri akachukua kigoda, akapapasa ukuta mpaka chini ya dirisha. Nilikuwa barazani nachambua mchele. Alimwagilia, akatoa salamu. Kisha akashusha mkono chini, akaushika udongo, akauachia, akaushika tena.

"Umechimba weye?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari za kubanana na kutenganisha. Hakunisikiliza. Alikuwa anafukua kwa vidole, mchanga unaruka mpaka kwenye kanga yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mama yangu amepiga magoti uwanjani bila kujali nani anapita njiani. Nilimshika mabega nimwinue.

"Umempeleka wapi mwenzio?" akasema.

Alinieleza pale pale chini. Kabla yangu palikuwa na mtoto wa kike. Alizaliwa Salale, akafa kwa homa, akazikwa karibu na kingo za mto kwa kuwa ndipo palipokuwa pakavu. Marehemu baba akampandia yungiyungi kichwani. Mwaka uliofuata mto ukaanza kula kingo, na kila maji makubwa ya bamvua yaliondoka na kipande. Mama alimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani akiomba mtoto ahamishwe. Mwalimu akamwambia maiti hafukuliwi, mto ukimchukua ni amri ya Mola. Basi mama na baba wakaenda kwa mtumbwi maji yakiwa yamepwa, wakalichimba yungiyungi na udongo wote ulioshikana nalo, wakajaza pakacha, mpaka mama akaogopa kuendelea kushuka chini. Bamvua iliyofuata pahala pale palikuwa maji. Na pakacha lile ndilo lililofukiwa chini ya dirisha, Kibiti, mimi nikiwa tumboni.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Mtoto anayekuja nyuma haambiwi," alisema mama. "Asije akajiona kakalia pahala pa mtu." Akafuta mkono kwenye kanga. "Nirudishie. Nikifa nataka lipandwe kichwani kwangu, ndiyo sababu ya kulitunza. Miye nimemwacha mara moja. Siwezi kumwacha tena."

Jumamosi nilikwenda Mkongo nikiwa na kijembe ndani ya kikapu, nimekifunika kwa kanga. Njia nzima nilikuwa na hasira, na nilimkasirikia kila mtu: mama kwa kunyamaza, yule mwanamke kwa kuja siku ile, dereva wa bodaboda kwa honi zake. Lakini nilikuwa najua. Nilikuwa nimeonywa tangu utotoni kwa Kiswahili chepesi kabisa, nikajifanya mjuaji.

Mwanamke yule alinipokea kwa furaha iliyonichoma. Aliniita shangazi, akanipa maji, akanipeleka mwenyewe makaburini nyuma ya mikorosho. Kaburi lilikuwa fupi, limefagiliwa. Kichwani yungiyungi lilikuwa limeshika, limetoa ua moja, na tope jeusi limelizunguka kwenye mchanga mwekundu. Nililitambua kama mtu anavyotambua sura ya ndugu.

"Shangazi, nitakwambia kitu, usinicheke," alisema. "Nilikuwa namsikia analia. Mchana kweupe, naosha vyombo, namsikia. Mume wangu akasema nimeanza kuchanganyikiwa. Tangu nimempandia hili, kanyamaza. Kama kapata mtu wa kumbembeleza."

Kijembe kilikuwa kwenye kikapu, mkono wangu uko juu yake. Sikuweza. Nikamuaga, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Mama alisikia hatua zangu tu akajua. Nilimweleza yote, na yale ya kusikia kilio. Hakula. Asubuhi yake aliniambia, "Nipeleke. Nataka kulishika mwenyewe." Nikamuuliza kama nichukue jembe. Akasema nichukue.

Tulikodi gari dogo. Mama alikaa nyuma, ameliweka jembe miguuni pake. Mimi nilikuwa nikifikiri jinsi ya kumweleza yule mwanamke kwamba tumekuja kumnyang'anya. Sikupata maneno, na mpaka leo nadhani hayapo.

Mama alimweleza mwenyewe, akiwa ameshikwa mkono, tukielekea mikorosho. Alimwambia kwa ufupi: kwamba ua lile lilikuwa kaburi la binti yake, kwamba lilitolewa kwa kutokujua, na kwamba yeye ni mzee. Mwanamke yule alisimama. Uso wake ulisawijika, akatazama jembe mkononi mwangu. Hakubisha. Alisema, "Ni lako, mama," kwa sauti isiyosikika vizuri, akatangulia kutuonyesha njia.

Mama alichuchumaa. Alipapasa majani, akashuka kwenye tunguu, akalisugua tope kati ya vidole, akalinusa. Nilimwona anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua chumba cha pili. Nikamsogezea jembe. Hakulipokea.

"Wako ana miezi mingapi?" aliuliza. Hakusema 'alikuwa na miezi mingapi,' kama wasemavyo watu kwa aliyekufa.

"Saba," alisema yule mwanamke.

"Wangu tisa. Kaanza kusimama, anashikilia kitanda." Mkono wake bado ulikuwa kwenye udongo. "Basi wangu ndiye mkubwa. Atambeba mwenziwe."

Yule mwanamke akaanguka mapajani pa mama. Akalia kilio ambacho nadhani hakuwa amekilia tangu siku ya mazishi, na mama akampigapiga mgongoni bila kumwambia anyamaze. Mimi nilisimama na jembe langu. Nitasema ukweli: nilimwonea wivu yule mtoto asiye na kaburi. Mama hajawahi kunigusa kwa upole ule alioshika nao lile tope.

Tulipomaliza alinyoosha mkono nimwinue. Alikuwa mwepesi. Alimwambia yule mwanamke apalilie kwa mkono, asitie jembe karibu, akamwombea, tukaondoka.

Ndani ya gari nilikaa naye nyuma. Tulikuwa tumeshapita mashamba, mabati ya Kibiti yanaanza kuonekana, ndipo alipozungumza, kwa sauti ya mtu anayekadiria kama mchele utatosha.

"Leo nyumbani tutalala wawili tu," alisema.

Nikamshika mkono. Vidole vyake bado vilikuwa na tope. Nililia mpaka getini, na sikujua namlilia nani kati yetu watatu.