Dubu wa Sponji na Sebule Yangu

Dubu yule alinigharimu pauni thelathini na nane, suruali moja na amani ya nyumba. Pauni nimezihesabu mara mbili: ishirini na tano za kiingilio, tisa za nauli kwenda na kurudi, nne za chai ambayo hata mbuzi angeisusa. Suruali ilichanwa na miiba. Amani ya nyumba sina hakika kama ilikuwepo, kwa hiyo siidai.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuja kwetu Tottenham kukaa wiki mbili, mpaka apate chumba karibu na ghala analofanyia kazi kule Hayes. Wiki mbili zikazaa nyingine, na kochi la sebuleni likachukua umbo la mgongo wake. Nisingesema kitu. Lakini Mama yangu, aliye Singida, akapata viza ya miezi sita. Nyumba yetu ina vyumba viwili, kimoja chetu na kimoja cha binti zetu, ambao ukiwaambia wabanane wanakujibu kwa Kiingereza kwamba nao wana haki zao. Ikabaki sebule.

"Mama yako atalala wapi?" mke wangu aliniuliza, kana kwamba mwenye kulala kwenye kochi ni mimi.

"Muulize mdogo wako."

"Mdogo wangu simfukuzi. Kwetu hatufukuzi mtu."

"Kwenu Ilala. Hapa ni kwa halmashauri, na kodi nalipa mimi."

Siku hizo shemeji alikuwa amenunua upinde. Si upinde tunaoujua. Huu ulikuwa wa chuma, una nyaya, magurudumu mawili madogo na kioo cha kulengea. Kila Jumapili alikwenda nao msituni, nje kidogo ya Hayes, kwenye klabu ya watu wanaopiga wanyama wa sponji ngumu, maana Uingereza kumwinda mnyama wa kweli kwa upinde ni marufuku. Siku moja akauona wangu nyuma ya mlango wa chumbani. Ni wa mti wa mkole, kamba yake ya mshipa wa ng'ombe. Baba aliuchonga, nami nilikuja nao umeviringishwa ndani ya mkeka.

"Shemeji, hii fimbo ya kuchungia mbuzi uliilipia mzigo?"

"Imeua swala kabla hujajua kufunga zipu."

"Swala! Njoo Jumapili upige dubu. Amesimama wima, mkubwa kuliko mlango huu. Mita thelathini."

Mimi nauza masanduku ya safari sokoni. Bei ya kwanza naisikiliza kwa adabu tu.

"Thelathini ni za upinde wa magurudumu. Wangu ni wa karibu. Kumi."

"Ishirini."

"Kumi, na tuweke dau. Nikimpiga moyo, Jumatatu unahama."

Jikoni mwiko ukanyamaza. "Na ukikosa?" mke wangu akauliza.

"Akikosa," shemeji akamjibu dada yake, "nakaa mpaka nichoke mwenyewe, na bi mkubwa wa Singida ataahirisha."

"Kumi," nikarudia.

"Shemeji, sogea utakavyo. Sogea mpaka umshike ndevu. Mimi nataka moyo tu."

Nikamwambia arudie dada yake asikie. Akarudia.

Jumapili tulikuta watu kama kumi na wawili wenye mabuti, na mama mmoja wa Kizungu mwenye filimbi shingoni. Alitusomea kanuni za klabu. Ya kwanza niliisikia. Akaanza ya pili, ndege ya kutua Heathrow ikapita juu ya vichwa vyetu na kanuni ikaenda nayo. Sikuomba irudiwe. Shemeji alikuwa ananitazama, na sikutaka kumpa hata hicho.

Dubu alikuwa mwisho wa njia, kifua mbele, mikono juu kama mtu anayekataa kulipa. Palikuwa na kigingi cha kusimamia. Nilikitazama nikaona si kwa ajili yangu. Baba alinifundisha kwamba mnyama aliyekuelekezea kifua hapigwi, mfupa utaurudisha mshale. Unamzunguka, upepo ukiwa usoni mwako, mpaka uone nywele moja moja za ubavuni, ndipo unaachia nyuma ya bega.

Nikavua viatu nikaingia majanini upande wa kulia. Ndege ikija, natembea, ikipita, nasimama. Miiba ikachukua suruali yangu. Nyuma watu walikuwa wanapiga kelele, nikadhani ni dhihaka, nazo nimezizoea. Nilijua vizuri kwamba ni sponji. Lakini nilimnyatia kama zamani, na mbele yangu nilimwona Mama kwenye kochi, miguu yake kaiweka juu ya mto.

Hatua tano. Nikaachia. Mshale ukazama nusu yake, nyuma ya bega, pale pale.

Filimbi ikalia. Nikasimama, nikatokeza mbele ya dubu, nikageuka. Wote walikuwa wameshusha pinde zao isipokuwa shemeji. Alikuwa ameuvuta hadi shavuni, jicho kwenye kioo. Baadaye alisema alikuwa analenga dubu. Kati yake na dubu nilikuwa nimesimama mimi.

Yule mama alimpigia kelele yeye kwanza. Shemeji akaushusha upinde polepole, kama mtu anayerudisha bidhaa rafuni. Yeye alipewa onyo. Mimi niliambiwa kanuni ya pili ndiyo hiyo, kigingi hakipitwi; nivae viatu, niende, nisionekane tena.

Lakini shemeji hakunipa nafasi hata ya kufunga kamba za viatu. Alinivuta mbele ya dubu. Kifuani palikuwa na duara jekundu, halina hata mkwaruzo.

"Moyo huu hapa, umechorwa. Wewe umempiga kwapa."

"Tangu lini moyo ukakaa nje? Pita ubavuni ulipoingia mshale wangu, utaukuta ndani."

"Ni sponji, shemeji!"

"Basi hata hapo kifuani hana."

Nyumbani mke wangu alimpakulia yeye kwanza. Nilimweleza habari ya ule upinde uliovutwa nikiwa nimesimama mbele yake. Hakuinua macho kwenye sufuria.

"Angetaka kukupiga angekupiga. Ana kioo cha kulengea." Kisha akauliza, "Kwani dubu moyo wake uko wapi?"

Hakuna aliyejua. Wa Ilala hajui, wa Singida hajui. Dubu hatukukua naye. Binti zetu walisema, kwa Kiingereza, kwamba sote tuna wazimu. Mke wangu akaamua kwamba mpaka lijulikane, mdogo wake habanduki.

Mama hupiga simu kila wiki. Juzi amesema, "Mwanangu, viza inakwenda, na koti nimeshanunua. Nije lini?" Nyuma yangu shemeji akaongeza sauti ya televisheni. Nikamwambia Mama simu inakatika.

Kwa hiyo naomba. Kama yupo msomaji aliyemchuna dubu wa kweli kwa mikono yake, si aliyemwona pichani, anieleze: dubu akisimama wima, mshale ulioingia ubavuni nyuma ya bega unafika moyoni au haufiki? Na kama haufiki, anishauri Mama nimjibu nini.