Muhogo wa Kungoja

Nikifungua mfuko wa unga wa muhogo hapa Buffalo, ughaibuni, binti yangu hufungua dirisha, hata theluji ikianguka. "Papa, nani ameoza humu?" Mimi, ambaye hata takataka natoa kwa kusukumwa, sina nguvu za kubishana. Nasonga ugali tu, na pua inanipeleka inakotaka.

Tulikuwa tumerudi kijijini baada ya vita, shamba limekuwa pori. Mama alipanda muhogo mchungu tu. Ule mtamu askari walizoea kuung'oa na kuutafuna wakiwa wamesimama. Huu usipolowekwa siku kadhaa unaua. "Waje sasa," alisema akicheka. "Tumbo lao halijui kungoja."

Walikuja akiwa ameshauvuna, ameuloweka na kuuanika kwenye turubai mbele ya nyumba. Ungekuwa ugali wetu wa kwanza kutoka shambani kwetu, nami nilishaanza kumeza mate. Askari mmoja akainama, akavunja kipande, akakinusa, akakirudisha taratibu.

"Haujakauka bado, mama. Bon, sawa, endelea kugeuza. Tutapita kesho kutwa."

"Ndiyo, afande," mama akajibu. Akapiga magoti, akaanza kugeuza.