Viti Viwili vya Unguja

Juzi kwenye kiwanja cha ndege nilimwona mama na mtoto wake, nguo zimepigwa pasi, wamekaa kimya wakimtazama karani. Nikajua ni watu wa mfanyakazi wa shirika la ndege, wanangoja viti visivyo na wenyewe wasafiri bure.

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa mpakia mizigo wa shirika kwenye kiwanja cha Changamwe, na siku moja mimi na mama tulikuwa twende Unguja, kwenye arusi ya mama mdogo. "Kaeni kimya, msimsumbue mtu," alituusia. Nilidhani kiti hupewa anayetulia zaidi, kwa hiyo nilijikaza hata nzi alipotua puani mwangu. Ukumbi ulinuka mafuta ya ndege na halwa ya mama.

Karani alimwashiria baba kwamba vimebaki viti viwili. Mara wakaingia wazee wawili, mtu na mkewe, wanahema, hawajui pa kwenda. Mama akainuka.

"Shikamoo, bibi. Nipe hicho kikapu."

Akawapeleka hadi kwa karani. Tiketi zao walikuwa wamezinunua, na viti viwili vile vilikuwa vyao.

"Ungekaa tu!" baba alinong'ona. "Makarani walikuwa washafunga orodha."

"Nikae, na mtu mzima amebeba mzigo?"

Nililia kwa hasira. Mimi nilitulia, aliyesimama ni mama! Sasa najua viti hugawanywa vipi, na kila nikiligeuzageuza jambo lile naona mama hakuwa na njia nyingine. Hilo ndilo linaloniudhi.

Kwenye ngazi ya ndege yule bibi aligeuka, akatupungia mkono kwa furaha, kana kwamba tulikuja kuwasindikiza.

"Mpungie bibi," mama akaniambia.

Nikampungia.