Karamu Iliyomuua Selorm

Enyonam Dogbe alipofika Worcester, Marekani, alikuwa na miaka kumi na minne, na siku yake ya kwanza shuleni wakamwonyesha picha ya tufaha. Mwalimu aliinua ile kadi mbele ya uso wake, akapanua kinywa kama anayemnywesha mtoto dawa, akatamka kwa kukatakata: "Tu-fa-ha."

Enyonam alikuwa amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza kwao Ho, Ghana, na baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Akajibu kwa adabu, kwa sentensi nzima, kwamba tunda hilo analifahamu. Mwalimu akamgeukia mwenzake. "Lafudhi nzito hii. Mpeleke kwa wanaoanza." Akapelekwa kwa wanaoanza.

Hayo alinisimulia mwenyewe, amekaa sakafuni kati ya magoti yangu nikimsuka. Mimi ni Abla, msusi. Nakaa chini katika nyumba ya mbao ya ghorofa tatu, yeye na mama yake walikaa juu yangu, na watoto wote wa Kighana wa mtaa huu huniita Anti.

"Anti, nilihisi kama mtu kanitemea mate mdomoni," akaniambia, "halafu akangoja nimshukuru."

Mama yake, Mawusi, alikuwa mwalimu kule Ho. Hapa alikuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu mbili kwa siku. Mumewe alibaki nyumbani na mtoto wa mwisho, Selorm, wakisubiri karatasi za kuja huku. Kwa hiyo Mawusi alikuwa na neno moja tu kwa binti yake: soma. Na lingine la kuongezea: "Hawa weusi wa hapa usiwaige. Wewe si mwenzao."

Lakini aliyemtoa Enyonam kwenye darasa la tufaha alikuwa mmoja wa haohao weusi wa hapa. Jina lake Renita Boykins, msichana wa mtaa wa pili, mwenye sauti ya kusikika hata mlango ukifungwa. Alimkuta Enyonam kwenye ukumbi wa chakula, peke yake, na kitabu kinene.

"Unakisoma hicho, au unakibeba tu?"

"Nakisoma. Nakaribia kumaliza."

"Na wamekutupa kule kwa akina kadi? Inuka. Twende ofisini."

Renita alimshika mkono akamwingiza ofisini, akabishana na watu wazima mpaka wakachoka, wakakubali kumpima upya. Matokeo yalipotoka, Enyonam akapandishwa madarasa ya juu. Renita mwenyewe hakupandishwa. Hakuna aliyewahi kumpima.

Wakawa marafiki. Siku moja waliingia dukani kutazama makoti, mlinzi akawafuata nyuma kutoka nguo hadi nguo. Hakuuliza nani kazaliwa wapi. Renita akamwambia mwenzake, "Ona sasa. Huyu hajasikia kwamba wewe si mwenzetu."

Huko madarasa ya juu ndiko Enyonam alikokutana na Bi Halloran. Mwanamke mpole, mwenye mkono wa baridi uliopenda kukaa begani mwa mtu. Alimpenda Enyonam, na mapenzi yake akayafanya fimbo ya kuwachapia wengine. "Mtazameni Enyonam. Kaja juzi tu. Ninyi mmezaliwa hapa, mna kila kitu. Kisingizio chenu ni nini?" Mbele ya darasa zima, karibu kila wiki. Wenzake wakaanza kumpisha mlangoni kwa kejeli. "Pita, malkia. Sisi wavivu tutafuata." Enyonam akiinua uso anakuta Bi Halloran anamtabasamia.

"Ananisifu mpaka nasikia kichefuchefu," aliniambia. "Ni kama kupakwa asali halafu unaachwa kwenye sisimizi."

Kila masika shule hiyo ilifanya karamu ya wafadhili katika hoteli ya mjini. Mwaka ule Bi Halloran akamchagua Enyonam kuhutubia, na hotuba akamwandikia. Ndani yake mlikuwa na nyumba ya udongo, maji ya mtoni, na msichana anayekwenda shule miguu mitupu.

"Mwalimu, sisi tuna tangi la maji," Enyonam akasema. "Baba ana gari."

"Najua, mpenzi. Lakini watu wanahitaji kitu cha kuwagusa. Wakiguswa, karo yako ya chuo wanailipa wao."

Jioni hiyo mama yake alirudi amevimba miguu. Enyonam akamwambia habari ya hotuba, naye hakuuliza kilichoandikwa. "Kasome, mwanangu. Maneno hayavunji mfupa."

Usiku wa karamu akaisoma. Karibu na mwisho palikuwa na mstari uliosema yeye anashukuru, tofauti na wale waliozaliwa katika nchi hii wakapewa kila kitu wakakitupa. Akausoma na huo, macho yamekwama kwenye karatasi, na alipoyainua akamwona Renita. Darasa la upishi ndilo lililokuwa likihudumia meza. Renita alikuwa amesimama ukutani, koti jeupe, sinia la kuku mikononi.

Watu wakapiga makofi wakifuta machozi. Mzee mmoja tajiri, Bwana Whitcomb, akamfuata Enyonam, akakishikashika kilemba chake kwa vidole viwili kama anayechagua kitambaa, akasema watu wa kwao wana heshima ya asili. Enyonam akamkwepa, akakimbilia jikoni.

Renita alikuwa anakwangua makombo kwenye pipa.

"Sikuandika mimi," Enyonam akasema.

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

"Renita, wameniahidi karo."

"Nilikupeleka ofisini kwa mkono huu. Ungeniambia tu mapema kwamba mimi ndiye niliyekitupa."

Enyonam akainama akatapika kuku wa watu kwenye sinki la vyombo. Renita akamtazama, akamsogezea sabuni. "Osha. Mimi siyaoshi matapishi yako."

Hawakusemezana tena mwaka mzima.

Masika yaliporudi, Bi Halloran akaja na hotuba mpya. Enyonam akakataa. Alikataa kwa sauti ndogo, lakini alikataa. Mwalimu akaweka mkono wake begani. "Basi usiseme kitu. Utasimama jukwaani tu, mimi nitakutambulisha. Na mama aje, safari hii tunawaalika wazazi."

Mawusi akafurahi. Akavaa kaba, blauzi ya kwetu, na sketi ya kitambaa alichokuwa amekitunza tangu Ho, akaniomba nimsindikize. Tukaketishwa meza moja na mke wa Bwana Whitcomb. Nyama yenyewe ilikuwa mbichi katikati, inatoa damu, tukaila pembenipembeni kwa heshima.

Bi Halloran akapanda jukwaani, Enyonam ubavuni mwake. Akaanza na udongo wake na mto wake. Mawusi akaniinamia, akanong'ona kwa Kiewe, lugha ya kwetu, "Anamsema nani huyu?" Kabla sijamjibu, mwalimu akashusha sauti. "Na alipokuwa anapigania masomo yake hapa, kule nyumbani mdogo wake wa kiume, Selorm, alifariki. Enyonam hakuweza hata kumzika."

Mke wa Bwana Whitcomb akaushika mkono wa Mawusi, machozi yanamtiririka. "Pole sana kwa kumpoteza mwanao."

Sisi Waewe hatumrushii mtu habari ya msiba. Inafichwa hata wiki nzima. Wazee wanakuja, unaketishwa, unapewa maji, ndipo unaambiwa. Kwa hiyo Mawusi hakufikiri kwamba huyu mwanamke anadanganya. Alifikiri kwamba mwanawe amekufa kweli, kwamba mumewe amemficha, na kwamba ukumbi mzima wa wageni ulijua kabla yake. Niliona uso wake ukifika huko, hatua kwa hatua, nami sikuwahi kumshika.

Akapiga yowe. Kiti kikaanguka. Akavua kilemba akakitupa chini, akaenda anajigonga kwenye meza akiita jina la mtoto. Renita alikuwa akipita na keki. Akatua sinia sakafuni, akamkumbatia kwa mikono miwili, akamtoa hadi kwenye ukumbi wa nje. Enyonam akaruka kutoka jukwaani akaja mbio.

"Mama, ni uongo. Hajafa. Wamebuni tu."

"Nani anabuni kifo? Nipe simu."

Akaipokea, akabonyeza akakosea. Renita akaichukua simu. "Niambie jina, mama. Jina gani nitafute?" Akapiga. Iliita sana, maana Ho walikuwa wamelala. Mume wa Mawusi akapokea kwa sauti ya usingizi.

"Selorm yuko wapi?" Mawusi akauliza.

"Si amelala hapa. Kuna nini?"

"Mwamshe. Nataka kumsikia."

Kijana akaja kwenye simu analalamika, na Mawusi akakaa kwenye zulia la hoteli akalia upya.

Na mle ndani, mlango ukiwa wazi, nikamsikia Bi Halloran akiwaambia wageni kwamba kumbukumbu zimemzidi mama wa watu, tumpe faraja. Wakapiga makofi. Nimesafisha vichwa vyenye vidonda vya usaha, na sijawahi kusikia kinyaa kama nilichosikia kwa makofi yale.

Siku ya shule iliyofuata Mawusi alikwenda shuleni, nami pamoja naye. Hakuketi alipokaribishwa.

"Mwalimu Halloran, nami nilikuwa mwalimu. Mwanangu alikukosea nini?"

"Mama Dogbe, kumetokea kutoelewana. Enyonam aliniambia hajamwona mdogo wake kwa miaka. Nilihisi ni kama msiba. Ilikuwa namna ya kusema tu."

"Namna ya kusema."

"Na imesaidia. Hujui michango tuliyopata usiku ule. Tunamjali sana Enyonam."

"Umemuua mtoto wangu watu wapate kula keki," Mawusi akasema, bila kupandisha sauti. "Panda tena jukwaani uwaambie yu hai."

"Hilo litawavunja moyo wafadhili."

Mawusi akamtazama kama mtu anavyotazama alichokanyaga, kisha akaniambia kwa Kiewe, "Dada Abla, tutoke. Pananuka hapa." Tukatoka.

Bi Halloran hakuwaambia. Baada ya muda shule ikamjulisha Enyonam kwamba mwaka ule mfuko umechagua mwanafunzi mwingine. Walimchagua kijana kutoka Haiti. Sikutaka kusikia walimwandikia nini.

Enyonam akaenda chuo cha serikali cha hapahapa mjini, somo moja mwaka huu, mawili mwaka ujao, usiku akiogesha wazee pamoja na mama yake. Ilimchukua muda mrefu. Sasa yuko maabara ya hospitali, anapima damu, na anaipenda kazi ile kwa sababu, anasema, damu haiandikiwi hotuba. Baba yake na Selorm walikuja hatimaye.

Mawusi hakurudia tena maneno yake kuhusu weusi wa hapa. Wiki ileile ya karamu alipika sufuria ya mchuzi wa bamia, akaupeleka mwenyewe kwa akina Renita. Bibi yake Renita, aliyezaliwa Alabama, akafunua, akanusa, akasema, "Nani kakufundisha kupika chakula cha kwetu?" Mawusi akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nimjue.

Renita alimsamehe mama mapema. Msamaha wa binti ulichelewa. Alimsemesha, ndiyo, lakini alikuwa akimchoma. "Mwulizeni Enyonam, yeye ndiye aliyepewa hakutupa." Enyonam alikuwa anaumeza mwiba ule bila kujitetea, mpaka siku moja hapa kwangu, wote wawili wakisubiri kusukwa, Renita akaanza tena kisha akanyamaza katikati. "Basi," akasema. "Hata mimi imenichosha."

Juzi msichana mgeni kutoka Togo alikuwa kitini pangu, anamuuliza Enyonam, aliyekuja kusukwa, akiulizwa shuleni aseme yeye ni nani: Muewe, Mwafrika, mweusi, au Mmarekani.

"Kwanza waulize wanataka kukufanyia nini," Enyonam akamjibu. "Wakikwambia, nipigie simu."