Figo ya Shangazi Agnetha

Joviana Kahangwa wa Kibeta hakuzaliwa kuitikia "ndiyo" kwa kila kitu, na mimi binamu yake namshukuru Mungu kwa hilo. Anafanya kazi kwenye maabara ya utafiti hapa Bukoba mjini. Anachunguza pampu ya sodiamu, protini inayosukuma sodiamu nje ya seli. Pampu hizo ni kama watoto wa tumbo moja: zinafanana, ila moja hukaa zaidi kwenye neva, nyingine imejaa kwenye figo. Ili kuzitofautisha hutumia kingamwili zenye rangi. Kila kingamwili hutakiwa kushika pampu yake tu, ing'ae.

Balaa lilianzia kwenye chupa. Kingamwili iliyouzwa kama ya pampu ya neva tu iling'arisha na figo ya mbuzi. Mkuu wake, Dokta Ismael, alikuwa ameshaandika ripoti nzima kwa kuiamini chupa hiyo.

"Figo yako ya machinjioni imelala," alisema. "Nyama iliyochacha hunasa kila kitu. Achana nayo."

Haya. Jumamosi tulikuwa Muleba, harusini kwa kaka yake. Katika ukoo wetu figo ya mbuzi wa harusi ni ya shangazi, haiguswi na mwingine. Mbuzi alipopasuliwa tu, Joviana akapiga magoti mbele ya Shangazi Agnetha, akamsihi kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu Shangazi, naiomba figo. Kazini wananiona mwongo, na hiyo ndiyo shahidi wangu."

Mzee mmoja akafoka, "Msomi gani anampokonya shangazi yake tonge?" Nilitamani kumrushia kigoda.

"Nimeshakula za kutosha," Shangazi akasema. "Ichukue. Ila usirudi hapa umeinamisha kichwa."

Ikasafirishwa kwenye barafu hadi Bukoba. Ilikuwa mbichi kabisa, na iling'aa vilevile; Joviana akaipiga picha. Kipande kisichotiwa kingamwili kilibaki giza. Nyama haikuwa na kosa; chupa ndiyo haikuchagua.

Dokta Ismael hakutaka hata kutazama. "Ukiionyesha picha hiyo kwenye kikao cha wafadhili, mkataba wako umekwisha. Umenielewa?"

Mkataba huo ndio unaoilisha nyumba ya Kibeta.

"Nimekuelewa, Daktari."

Siku ya kikao mkuu aliketi mstari wa mbele, akimkazia macho. Zamu ya Joviana ilipofika, aliiweka picha ya figo ukutani, kubwa kuliko zote, kisha akaenda mwenyewe kufunga mapazia ili waione vizuri.