Shimo Yenye Nilichimba mu Jikoni

Mi njo mwenye makosa. Hakuna mutu alinisukuma, hata shetani musimupake matope yangu.

Niko muzee. Masomo niliachaka ku primaire, shule ya musingi, juu mwalimu mumoya alikuwa... hapana, hiyo ni habari ingine. Musikilize hii.

Nilizaliwa mu nyumba ya kampani ya Serikali. Unga ilikuwa ya kampani, samaki ya kampani, hata blanketi yenye balinifunikia mu utoto. Kisha kampani ikaanguka. Nilimuona tata, baba yangu, mwanaume wa nguvu, anaikala ku mulango na gunia mutupu ku magoti, anangojea unga yenye haikuye. Ile siku woga iliniingia mu mwili. Mpaka leo haiyatoka.

Ile woga, mi niliiita siasa. Ku avenue yetu, mu mutaa, nilikuwa nasimama nasema: "Ba kamarade, udongo ni yetu bote. Yenye iko ndani tugawane sawasawa." Batu banapiga mikono, mi navimba. Kumbe sikuwa napenda batu. Niliogopa tu kubakia peke yangu na gunia yangu.

Wakati batu ya mitaa ingine balianza kuchimba minere, mawe ya kobalti ya kuuzisha, mu nyumba zao, sisi tulipatana: kwetu shimo itakuwa moya tu, mu kiwanja ya mwisho ya avenue. Yenye itatoka tunagawa, hata kwa mujane, hata kwa mugonjwa. Mu nyumba hakuna kuchimba, juu nyumba zitaanguka. Balinichagua mi kuchunga mupatano, bakaniita Prezida.

Jirani yangu, nimuite Tata Kazadi, hakuwa mutu wa siasa. Alikuwa mutu wa kucheka. Kila jioni anakula bukari, ugali yetu, inje, ku barza, na mwenye kupita anaitwa.

"Prezida, kuya kula. Usosialisti yako haina mboga, yangu iko na sombe."

Nakula, lakini kile kicheko nilikichukia. Namna gani mutu asiye na kitu anakuwa na furaha kunipita?

Siku moya bibi yangu anasogeza mafiga, anaona jiwe nyeusi chini ya majivu. Nililijua mara moya: kobalti. Nikawaza tata na gunia yake. Nikafunga mulango, nikaanza kuchimba. Ku avenue nikasema niko nachimba choo.

"Choo mu jikoni, Prezida?" Kazadi akacheka mpaka machozi. "Na bukari utapikia wapi?"

Nikacheka na yeye. Kisha nikarudia mu shimo.

Minere iligeuka upande wa nyumba ya Kazadi, nikaifuata. Nilijua fasi niko, chini ya nyumba yake, juu nilikuwa nasikia batoto yake banakimbia juu ya kichwa yangu. Sikuacha.

Mvua ikaanza. Chumba yake ikazama, ukuta ikaangukia mama yake muzee. Hakukufa, lakini mugongo ilivunjika, hatembee tena. Batu balishuka mu ile tundu, bakafuata njia yangu, bakatokea mu jikoni. Kazadi alitokea wa kwanza, udongo mu nywele.

Nikamuambia, "Tata, niliogopa."

"Uliogopa nini, na sisi tuko?"



Kazadi alibeba mama yake, bakaenda mbali, Mutshatsha, anachoma makala kule. Benye balibakia balisema: kama Prezida anachimba kwake, sisi je? Leo kila nyumba iko na shimo, kila mulango iko na kufuli. Mujane hakuna anayemugawia.

Jioni naweka bukari ku barza, naita benye kupita.

"Aksanti, tata, nimeshiba," banasema, na miguu inaenda mbio.

Bukari inapoa. Nairudisha ndani, nakula juu ya shimo yangu.

Ninyi benye kulia "tugawane", sisemi muache. Ile maneno ni ya kweli. Lakini kabla ya kusimama mbele ya batu, muangalie kwanza chini ya mafiga yenu.